Nafasi ya Binti wa Fundi Lifti

Karatasi yenyewe haikuzidi ukubwa wa tiketi. Ilikunjwa mara mbili, na ilitolewa kwenye mfuko wa kifua wa ovaroli ya marehemu. Ndani yake kulikuwa na namba nne kwa wino wa kijani, moja chini ya nyingine: sita, thelathini na moja, sifuri, themanini na nane. Sifuri ilikatwa mstari tumboni. Hakukuwa na jina wala tarehe.

"Ghorofa," alisema Sajenti, aliyesimama nyuma ya kiti cha inspekta. "Fundi lifti ataandika nini kingine?"

"Jengo lina ghorofa tisa."

"Basi bahati nasibu."

"Nani anacheza sifuri?"

Sajenti alikuna kidevu. Alibakiza miezi minne astaafu, na alikwisha kuapa kwamba hataumiza tena kichwa kwa ajili ya serikali, ila kichwa chenyewe kilikuwa hakijapewa taarifa. Inspekta aliirudisha karatasi kwenye bahasha ya vielelezo. Kituoni walimwita Nukta, na alijua. Kabla ya upolisi alisahihisha chapa miaka sita katika kiwanda cha vitabu, na mpaka leo ripoti isiyokuwa na nukta mwishoni ilirudi kwa mwenyewe, hata kama mtuhumiwa amekwisha kukiri.

Kesi ilianza kama si kesi. Jumatatu, saa nne asubuhi, fundi lifti mwenye miaka ishirini na miwili kazini alianguka kwenye shimo la lifti kutoka ghorofa ya juu kabisa, akafa papo hapo. Kampuni yake iliandika "ajali kazini" hata kabla ya mwili kuondolewa. Faili lilikuwa linaelekea kabatini. Halafu Jumanne akaja dada wa marehemu, kilemba cha msiba kichwani, na karatasi mbili alizozikuta chumbani mwa binti.

Zilikuwa insha ya maombi ya chuo kikuu, chuo cha mbali, kati ya vile ambavyo watu huvitaja kwa sauti ya chini. Mwandishi alikuwa binti wa marehemu. Katika insha hiyo alieleza jinsi baba yake alivyokata roho umeme umekatika, yeye akiwa ameshika tochi, miaka miwili iliyopita. Na insha ilitumwa wiki saba kabla ya Jumatatu ile.

"Wiki saba zilizopita kaka yangu alikuwa mzima, anakula, anakoroma," alisema shangazi mtu. "Huyu mtoto amemwandikia kifo, kisha akakitimiza."

Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo, hasa kwa vile daftari la jengo lilionyesha kwamba binti alifika asubuhi ileile. Alimweka mahabusu. "Mtu haandiki matanga kabla ya msiba," alimwambia Nukta leo, Jumatano. "Ikifika saa tisa alasiri, awe na mashtaka ya kuua. Au uniletee mwingine."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu asubuhi.

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikaa chumba cha mahojiano akiwa amekalia viganja vyake, mkate na chai mbele yake, chai imeshapoa na kufanya utando juu.

"Umekula?"

"Nimekula."

Nukta aliutazama mkate, mzima kama ulivyotoka dukani, akauacha ulivyo. Akavuta kiti.

"Huyu aliyekufa kwenye insha, ni nani?"

"Baba."

"Baba yupi?"

Binti aliinua macho. Tangu jana alikuwa ameulizwa lini, kwa nini, na nani kamsaidia. Hili lilikuwa geni.

"Baba mdogo," alisema. "Mdogo wake baba. Nilikaa kwake tangu darasa la kwanza mpaka la saba, maana shule ilikuwa karibu na kwake. Nilimwita Baba. Na huyu aliyenizaa nilimwita Baba. Wakiwa pamoja nikiita, wanaitika wote wawili, halafu wanacheka. Figo zilimwisha. Alifia nyumbani, tukiwa wawili tu, na mimi ndiye niliyeshika tochi. Niliandika kwa lugha yetu, kama ilivyokuwa. Mwalimu akatafsiri."

"Mwalimu gani?"

"Yule anayepima nafasi. Wanamwita Mizani."

Nukta alilijua jina. Nani mjini asilijue? Mzazi mwenye mtoto mwenye akili alimpelekea faili la mtoto, naye alimtajia, kati ya mia, nafasi ya mtoto huyo kuchukuliwa na chuo fulani. Watu walisema hakosei.

"Katika kutafsiri, baba mdogo akageuka baba."

"Nilimuuliza. Akaniambia kule hawana baba mdogo. Wana neno moja la baba, na neno jingine la mtu anayekuja kwenye sherehe, anakula keki, anaondoka. Akasema ukitumia hilo la pili, msomaji atauliza, sasa huyu analia nini? Akasema nichague."

"Ukachagua."

"Nikachagua." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nilijua lingeleta maana nyingine. Nilijua, mama."

"Chuo kimewahi kuwaandikia?"

"Bado. Labda kwenye sanduku la posta. Ufunguo alikuwa nao baba."

"Jumatatu ulikwenda kazini kwake."

"Alisahau simu nyumbani, nikampelekea. Alikuwa hajapanda bado. Akasema, rudi nayo, leo sitaihitaji. Nikarudi nayo."

Nukta aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akayapigia mstari. Alipoinuka, binti alimshika ncha ya mkono wa koti. Askari wa mlangoni alisogea, Nukta akamzuia kwa jicho.

"Shangazi anasema maneno huumba. Kwamba nilimtabiria. Mama, ni mimi niliyemuua?"

"Bado sijui," alijibu Nukta, maana kweli alikuwa hajui, na hakuwa na tabia ya kumdanganya mtu aliyekaa upande ule wa meza. Nje, Sajenti alimfungulia mlango wa gari.

Chumba cha mitambo kilikuwa juu ya paa. Mlinzi wa jengo, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, aliwapandisha kwa ngazi ghorofa zote tisa huku akihema na kuomba radhi kwa kuhema. Ndani kulikuwa na mota, kamba nene za chuma zilizopakwa grisi, na ukutani swichi kubwa ya umeme. Swichi ilikuwa imezimwa. Juu yake ilining'inia kufuli nyekundu na kibao: USIWASHE. MTU YUMO NDANI.

"Hii ndiyo ya marehemu?"

"Ya kwake mwenyewe. Kila fundi ana yake. Anazima, anafunga, anaweka ufunguo mfukoni. Hakuna mwingine anayeweza kuwasha mpaka atoke yeye. Miaka tisa nipo hapa, sijamwona akiliruka hilo. Alikuwa akisema, ufunguo huu ndio roho yangu, naweka karibu na moyo."

Nukta alikuwa na orodha ya vitu vya marehemu: bisibisi mbili, tambaa, kitambulisho, karatasi ya namba nne. Ufunguo haukuwamo. Shimo lilipekuliwa Jumatatu mpaka chini, ufunguo haukuonekana.

"Mzee," alisema, "ufunguo uko wapi?"

Mlinzi alitazama paa, akatazama viatu vyake. Kisha akakaa kwenye ngazi ya chuma, akafungua kopo lake la chakula, akatoa kipande cha gazeti kilichoviringishwa. Ufunguo mdogo wa shaba ulikuwa ndani.

"Alinipa mwenyewe, mwanangu. Naapa. Yule binti alikuwa ameshaondoka, nimeshamwandika kwenye daftari kwamba katoka, saa tatu na dakika ishirini. Fundi akazima umeme, akashuka tena mpaka kwangu chini, akanipa. Akasema, shika huu, mkimaliza kila kitu ndipo muwashe."

"Mkimaliza? Hakusema nikimaliza?"

"Mkimaliza. Nami nikajiuliza, sisi tunamaliza nini?"

"Mbona ulificha?"

"Wangesema nimewasha mimi, nikamuua." Mzee alifunga kopo. "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba."

Nukta aliujaribu ufunguo. Kufuli ilifunguka bila kusumbua, akaifunga tena. Sajenti alikuwa amevua kofia.

"Afande," alisema polepole, "fundi hampi mtu mwingine ufunguo wakati yeye anaingia shimoni."

"Hampi, kama anategemea kutoka."

Walipokwisha kushuka ghorofa tatu, Sajenti alivaa kofia. "Basi mtoto hana kosa. Tumwambie Mkuu."

"Mkuu atasema saa ya mlinzi ni mbovu. Atasema mzee anamlinda mtoto. Baba mwenye binti wa miaka kumi na tisa haamki Jumatatu moja akajitoa duniani bila sababu. Nataka sababu, na nataka hizi namba."

"Wino wa kijani," alisema Sajenti. "Mwanangu wa mwisho alikuwa na mwalimu wa wino wa kijani. Alikuwa akisema, nyekundu inawaumiza watoto."

Nukta alisimama katikati ya ngazi.

Ofisi ya Mizani ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Walipofika, mama mmoja alikuwa anatoka na simu sikioni. "Nne," alikuwa anamwambia mtu. "Kasema nne. Sio arobaini, baba watoto. Nne." Alipita bila kuwaona.

Kuta za ndani zilijaa picha za vijana waliovaa majoho, na chini ya kila picha namba moja tu. Mizani mwenyewe alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini hivi, shati lake lilinyooshwa na mtu anayejua kunyoosha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusubiriwa amalize. Alifundisha hisabati zamani. Kalamu yake ilikuwa mezani, ya kijani.

Nukta hakugusa habari ya kifo. Aliuliza tu, kama mzazi, kazi hii hufanywaje, na mtu yule akachangamka kama wanavyochangamka watu wote wakiulizwa kazi yao.

"Chuo kile kinachukua wanne kati ya mia, Inspekta. Na hao mia wote ni wa kwanza darasani kwao. Kwa hiyo mzazi akija kuniambia mtoto wangu ni wa kwanza, ni sawa na kuniambia mtoto wangu ana pua. Mimi napima alama, ugumu wa masomo, shule aliyotoka, aliyoyafanya nje ya darasa. Halafu hadithi."

"Hadithi?"

"Insha. Msomaji wao ana dakika nane kwa faili zima. Alama zinamfanya asikutupe. Hadithi inamfanya akukumbuke wakati wa kwenda nyumbani."

"Nipimie binti wa fundi lifti."

Uso ulipungua uchangamfu. "Faili la mwanafunzi ni siri."

Sajenti aliweka hati ya upekuzi mezani, akaisawazisha vizuri kwa kidole. Mizani aliisoma yote, mpaka muhuri. Kisha akafungua kabati.

"Binti huyu ana kichwa," alisema, na alisema kwa dhati. "Hesabu nilizompa kumjaribu, moja ilikuwa na kosa kwenye swali lenyewe. Alinionyesha kosa. Lakini shule yake haijulikani, na anahitaji kulipiwa kila kitu mpaka nauli. Mara ya kwanza nilimpa sita."

"Niandikie, mimi husahau."

Aliandika 6 kwenye kipande cha karatasi.

"Na baada ya insha?"

Aliandika 31.

"Kifo kilikuwa na thamani ya ishirini na tano, basi."

"Usiseme hivyo, mama."

"Umesema wewe. Mimi nimetoa tu."

Alivuta faili upande wake. Fomu ya kwanza ilijazwa na binti kwa mkono wake. Kila palipotakiwa alama aliweka mkasi, alama ya X, mikasi midogo iliyonyooka, kurasa tatu nzima. Lakini palipoandikwa Baba, hai au marehemu, mkasi wa hai ulikuwa umefunikwa kwa rangi nyeupe ya kusahihishia, na kwenye marehemu kulikuwa na vema. Ilikuwa vema ya mwalimu, yenye mkia mrefu.

"Baba yake ulimfahamu?"

"Sikumwona kamwe. Nilijua ni marehemu. Binti ndiye aliyeniambia."

Chini ya fomu kulikuwa na barua yenye nembo ya chuo, iliyoandikwa kwa lugha ya huko. Nukta aliisoma taratibu. Walimpongeza mwombaji, wakaomba cheti cha kifo cha baba kifike ndani ya siku kumi. Jina la fundi lilitajwa mara tatu.

"Hii uliipataje?"

"Binti aliileta. Ilikuja kwa posta."

"Lini?"

"Ijumaa, nadhani."

Nukta aliigeuza barua ili taa iimulike vizuri. Kwenye kona ya chini, pale mtu anaposhika karatasi akiwa hana uhakika nayo, palikuwa na alama ya dole gumba. Ilikuwa nyeusi, imekolea, na mafuta yake yalikuwa yamepenya mpaka nyuma. Leo asubuhi alikuwa ameona grisi ya rangi ileile kwenye kamba za chuma.

"Mwalimu," alisema, "huyu binti hutengeneza lifti?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni. Mizani aliitazama alama ile. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaikuta alama bado ipo.

"Baba mtu alikuja Ijumaa mchana," alisema. "Alikaa hapo ulipokaa. Hakuegemea, aliogopa kuchafua kiti. Alikuwa ameona jina lake kwenye barua, akafikiri anatakiwa kutia saini mahali. Akaomba nimsomee."

"Ukamsomea."

"Ningefanyaje? Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atanishika shati. Alinyamaza, halafu akaniuliza nafasi ya mtoto wake ni ngapi. Nikamwandikia ya mwanzo, nikamwandikia ya pili. Akauliza, na nikiwaandikia kwamba mimi ni mzima? Nikamwambia ukweli."

"Sifuri."

"Wangelifuta faili, Inspekta! Sifuri ni sifuri. Akauliza, na cheti kikipatikana?" Mizani alisimama, akakaa tena. "Elewa jinsi wanavyofanya kazi. Hawaombi cheti kwa mtu wasiyemtaka. Wakiomba cheti, maana yake faili limefika meza ya mwisho, wanasafisha tu. Mtu yeyote wa kazi hii angekuambia hivyo. Themanini na nane."

"Ukaandika."

"Aliuliza!"

"Kisha?"

"Akakunja karatasi, akaweka mfukoni. Akaniomba radhi kwa kuchafua barua. Akanishukuru."

Chini, kwenye duka la dawa, mtu alikuwa anauliza bei ya kitu.

"Ulidhani atakipata wapi cheti?" aliuliza Nukta.

"Watu hununua vyeti."

"Ulimwambia akanunue?"

Mizani aliivuta kalamu yake karibu.

"Ulimwambia kwamba aliyefuta mkasi wa mtoto ni wewe? Kwamba mtoto aliandika hai?"

"Mimi napima tu," alisema. "Sikumwambia afanye jambo lolote. Napima."

Nukta alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, hasira ya kutaka kukifagia kila kitu kilichokuwa juu ya meza ile, na aliiacha ipande ishuke kabla ya kusema. "Niandikie sifuri, hapo chini ya hizo mbili."

Mkono ulitii kabla ya akili. Duara la kijani, na mstari uliolikata tumboni. Nukta alitoa bahasha ya vielelezo, akaweka karatasi ya marehemu kando ya ile. Zilifanana kama mapacha, sita kwa sita, sifuri kwa sifuri.

"Inuka, mwalimu," alisema Sajenti. Hakumwita mzee wala bwana. "Kalamu iache."

Kwenye ngazi, Mizani akiwa mbele na pingu, Sajenti aliuliza kwa sauti ya chini waandike kosa gani.

"Kughushi fomu. Na kulidanganya jeshi la polisi."

"Na lile jingine?"

"Lile jingine halina kifungu."

Mkuu wa kituo alisoma maelezo kwa kusimama, saa nane na nusu. Alisoma ya mlinzi, akasoma ya Mizani, akaitazama karatasi ya namba nne kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Yeye naye alikuwa na watoto. "Mwachieni," alisema, akaondoka bila kumkaripia mtu.

Hapo ndipo Nukta alipokwama. Angeweza kwenda chumba cha mahojiano, alikorudishwa binti, na neno moja, ajali, ambalo kampuni ilikwisha kuliandika. Lingemtosha shangazi, lingewatosha majirani. Lakini faili lingesomwa siku moja, na aliyekuwa ameketi mle ndani alikuwa mtu wa kuona kosa ndani ya swali lenyewe. La kuvunda halina ubani. Alichukua bahasha, akaenda mwenyewe.

Binti alisimama alipoona mlango ukifunguliwa.

"Si wewe," alisema Nukta kwanza, ili hilo liwe limeshasemwa. "Hakuna aliyemsukuma, na wewe hukumuua. Unakwenda nyumbani."

"Basi ni nani?"

Nukta alimketisha, akaketi kando yake, upande mmoja wa meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika chumba kile. Akamweleza. Hakupamba na hakuruka: barua, Ijumaa, kiti ambacho fundi hakukiegemea, fomu iliyobadilishwa, namba nne, ufunguo kwa mlinzi. Binti alisikiliza bila kulia. Mara moja tu, aliposikia kwamba baba yake alishukuru, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akanyoosha mkono aonyeshwe karatasi.

Nukta aliiweka mbele yake.

"Sita ninaijua," alisema binti. Kidole chake kilishuka. "Hii ninaijua. Hii ni akiwa mzima?"

"Ndiyo."

"Na hii?"

"Ni cheti kikipatikana."

Binti aliitazama themanini na nane. Midomo yake ilicheza kidogo, kama ya mtu anayehakiki hesabu ya mwenzake kabla ya kuirudisha. Alirudi juu, akashuka tena mpaka chini. Uso wake ukabadilika.

"Lakini cheti kina tarehe," alisema.

Nukta hakuelewa.

"Insha inasema miaka miwili iliyopita. Cheti kitasema Jumatatu hii. Wangekifungua tu, wangeona." Alisema polepole, bila kumlaumu mtu. "Hiki cheti hakifai. Hakikufaa tangu mwanzo. Ni sifuri huku na sifuri huku."

Tangu asubuhi Nukta alikuwa akizunguka na karatasi ile, yeye wa kurudisha ripoti kwa ajili ya nukta moja. Mizani alikuwa ameihesabu kwa kalamu yake. Na fundi aliyekagua kila kamba na kila komeo miaka ishirini na miwili aliiweka karibu na moyo, akaiamini.

Binti alikuwa anainyoosha mikunjo ya karatasi kwa ncha ya kidole, taratibu, asiichane.

"Hesabu ndogo tu," alisema. "Angeniuliza mimi. Nilikuwa nyumbani Ijumaa, Jumamosi, Jumapili yote. Angeniuliza tu, ningemwambia."